Mashine Namba Saba

Jumamosi ya Oktoba mjini Gimli, jalidi bado imeng'ang'ania mabati,
nami nina wateja watano, kila mmoja na haraka yake.
Bwana Petursson anataka jenereta, mkewe garini anapiga honi.
Vijana wawili wanataka msumeno, hawajui wa nini.
Bibi Sigurlina Isfeld, wa tatu kwenye foleni,
amekuja kukodi mashine ya kupasulia kuni.

"Iko sawa," nikamwambia. "Imerudi jana."
Fomu nilishaigeuza, kalamu nilishamwelekezea.
"Imerudi jana," akasema, "ndilo unalolijua.
Nguo ya kuazima, mwanangu, hukaguliwa matakoni."
Akavaa miwani. Kalamu akaiacha pale pale.

Alianza na magurudumu, akiyabonyeza kama anayechagua nyanya.
Akachuchumaa (magoti yalilia, niliyasikia nikiwa kaunta),
akapitisha kitambaa cheupe chini ya tangi,
akakinusa, akanionyesha: kikavu.
Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena,
maana mara ya kwanza kijiti husema uongo.
Mpira wa haidroliki aliufuata kwa kipande cha boksi, si kwa mkono.
"Tundu la sindano tu," alisema bila kunitazama,
"na oili imeshaingia mwilini."
Nyuma yake mtu akakohoa, kikohozi kisicho cha mafua.
Akakiacha kikohoe.

Mikwaruzo aliihesabu kwa sauti.
Kumi na mmoja. Nikaandika kumi na mmoja.
Ngao ya kushoto: matundu manne, bolti tatu.
Nikaandika na hilo.

"Sasa iwashe."

Nikavuta kamba mara mbili. Ikaguruma, ikatema moshi wa buluu.
Akanisogeza pembeni kwa kiwiko,
akavaa glavu.

Glavu za kiume, za ngozi, pana kuliko mikono yake.
Ya kushoto, kidole cha shahada kilikatwa katikati
kikashonwa kwa uzi mweusi,
mishono midogo midogo, ya kusawazishwa, kama ya pindo la nguo ya ubatizo.
Na humo ndani kidole chake yeye, kizima,
kilikuwa kimejikunja.
Sikuuliza.

Akasukuma wenzo. Kabari ikasogea.
Akauachia wenzo.
Wenzo haukurudi.

Kabari iliendelea na safari yake, taratibu, bila ghadhabu,
kama ng'ombe anayelijua zizi,
ikafika mwisho, ikabana hewa, ikalalama.

Hakusema neno. Alinitazama mimi, si mashine.
Nikazima.
Hata honi ya mke wa Petursson ilikuwa imenyamaza.

Nikaifunga namba saba utepe mwekundu.
Bosi, Bwana Thorlakson, alitoka ofisini na mkate mdomoni
kuuliza kwa nini namfukuzia riziki siku ya Jumamosi,
na vijana wa msumeno walishaondoka kwa matusi.
Yeye Bibi Isfeld alikuwa keshafika kwenye namba nne.
Akianzia magurudumuni.

Jumatatu asubuhi aliirudisha, tangi limejaa,
magome meupe yamefagiliwa kwenye kila pembe.
Nikachukua fomu, nikatafuta mahali pa kugonga muhuri.
"Ngoja," akasema,
akaonyesha karibu na mhimili mkwaruzo usiozidi njiti ya kiberiti.
"Nimegonga mlango wa banda. Huu haukuwepo.
Huu ni wangu. Andika."

"Mdogo mno, Bibi. Nani atauona?"

"Wewe," akasema.

Nikaandika: mmoja, wa Isfeld.
Na kabla hajalifikia gari lake,
nikavuta kamba, nikausukuma wenzo,
nikauachia,
nikasubiri.